Kurejea gitaa ukubwani: Mkono hukumbuka hata makosa yake

WENGI wa waliowahi kupiga gitaa ujanani, kisha wakaliacha kwa sababu ya kazi, ndoa au malezi, huamini mojawapo ya mambo mawili. Kuna wanaodhani kwamba ujuzi wao ulikwisha kabisa, na kuwa wakilishika tena watakuwa sawa na mtoto anayeanza. Wapo pia wanaodhani ujuzi huo ungali palepale ulipoachwa, na kwamba itatosha kupangusa vumbi na kuendelea.

Imani zote mbili si sahihi. Ndizo, kwa maoni yangu, zinazowafanya watu wazima wengi wanunue gitaa, walipige kwa majuma mawili, halafu walitundike ukutani likawa pambo la sebuleni.

Makala haya yananuia kueleza ni nini hasa hupotea mtu anapoacha kupiga gitaa kwa miaka mingi, ni nini husalia, na ni vipi anayetaka kulirejelea anaweza kuyatenganisha mambo hayo. Ninayaeleza kama mtu aliyeyapitia. Nilikomea mwaka 1993 nilipoajiriwa katika chumba cha habari, na sikugusa uzi tena hadi Desemba 2022.

Mwezi huo tulikuwa matangani karibu na Khayega, Kaunti ya Kakamega, kumzika mkaza mjomba. Usiku wa kuamkia mazishi, mjomba aliagiza gitaa lake litolewe ndani. Yeye mwenyewe, ambaye umri wake umepita miaka 80, hawezi tena kulipiga kwa kuwa ugonjwa wa viungo umevipinda vidole vyake. Hakuna hata mmoja wa watoto wake aliyejifunza. Aliyefunzwa ni mimi, katika likizo za shule kuanzia mwaka 1984.

"Mpwa wangu," akasema, "mpigie mama yako ule wimbo."

Nilijua wimbo aliokusudia. Ndio aliokuwa akiupiga jioni mkewe akiwa jikoni, na ndio wa kwanza aliowahi kunifunza. Nilipiga mapigo manane hivi, nikapotea. Nilianza tena, nikapotea palepale. Waombolezaji, kwa adabu yao, waliendelea na mazungumzo kana kwamba hawakusikia lolote. Mjomba alinyoosha mikono akalichukua gitaa lake, akalilaza mapajani, wala hakusema neno.

Mtindo usioandikwa

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hilo, yafaa kwanza kueleza ni upigaji wa aina gani tunaouzungumzia. Ni mtindo unaojulikana Magharibi mwa Kenya kama omutibo. Mpigaji hutumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba hutembea juu ya nyuzi nene kikitoa besi isiyokatika, nacho kidole cha shahada huchomoa mahadhi kwenye nyuzi nyembamba, mara nyingi katikati ya mapigo ya gumba. Asiyemwona mpigaji huweza kudhani kuna magitaa mawili. Mtu wa pili hukaa kando akiikwaruza kwa kipande cha chuma chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mikunjo, ili kushikilia mdundo.

Upigaji huu una nasaba ndefu. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, katika mji wa Jadotville ambao leo huitwa Likasi. Miongoni mwa nyimbo alizorekodi ni "Masanga", na santuri zake zilienea hadi Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi, na mwenzake Edouard Masengo naye alifanya kazi ya muziki humu nchini. Vijana wa Kenya waliwasikiliza, kisha wakatengeneza lao. Jina linalotajwa zaidi panapozungumzwa omutibo ni George Mukabi wa Kakamega, aliyefariki mwaka 1963 angali kijana.

Hali kadhalika, upande wa Nyanza wapigaji walichukua mwendo wa nyatiti, chombo cha nyuzi nane, wakauhamishia kwenye gitaa, na ndiko benga ilikochipukia. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Muhimu hapa ni kwamba omutibo ulipitishwa kutoka mkono hadi mkono. Hukufunzwa kwa noti zilizoandikwa. Uliketi mbele ya anayejua, ukamtazama, ukaiga, ukapigwa kibao kidogo cha mkono ulipokosea. Santuri zimehifadhi sauti, lakini santuri haikuonyeshi ni kidole kipi kiliguswa uzi upi, wala mkono ulihama lini. Kwa hiyo aliyefunzwa namna hiyo na akaacha, hana kitabu cha kurejea. Alicho nacho ni mkono wake mwenyewe tu, pamoja na mwalimu wake ikiwa bado yu hai.

Chombo kabla ya kidole

Kosa la kwanza nililofanya niliporudi Nairobi lilikuwa kudhani kwamba tatizo lote lilikuwa langu. Nililitoa gitaa langu la zamani juu ya kabati, nikalipiga kila usiku kwa juma zima, na kila usiku vidole vikavimba. Hatimaye nililipeleka kwa fundi. Alilitazama kwa jicho moja kutoka mwisho wa shingo, kama seremala anayekagua ubao, akacheka.

Nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida, zikikazwa ipasavyo, huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70. Ni sawa na kumning'iniza mtu mzima kwenye shingo ya mbao, mchana na usiku. Gitaa likiachwa miaka mingi katika hali hiyo, shingo hupinda kuelekea mbele, na daraja, yaani kile kibao kilichogundishwa kwenye tumbo la gitaa kushikilia nyuzi, huweza kuanza kung'oka. Matokeo yake ni kwamba nyuzi huinuka na kukaa mbali na shingo. Kila unapobonyeza, unatumia nguvu maradufu ya ile inayohitajika.

Hili hupimika. Shingo ya gitaa imekingamwa na vyuma vidogo ambavyo wapigaji huviita freti. Hesabu hadi freti ya 12, kisha pima nafasi iliyopo kati ya kilele cha chuma hicho na uzi ulio juu yake. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, nafasi ya milimita mbili hadi tatu inafaa. Likifika milimita nne au zaidi, mpeleke kwa fundi kabla hujajilaumu. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana fimbo ya chuma ndani ya shingo ambayo fundi huizungusha kidogokidogo kuirejesha shingo katika hali yake. Si kazi ya kujaribu kwa koleo nyumbani.

Nyuzi nazo huzeeka hata zisipoguswa. Chuma hushika kutu, na kutu haishiki kwa usawa. Uzi huwa mzito hapa na mwepesi pale, na sauti yake haiwezi tena kuwa safi. Njia rahisi ya kujua ni kugusa uzi kwa wepesi, bila kuubonyeza, juu kabisa ya freti ya 12, ambayo iko nusu ya urefu wake, kisha kuuchomoa. Halafu ubonyeze papo hapo na kuuchomoa tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Zikitofautiana, ama nyuzi zimechoka ama gitaa linahitaji kurekebishwa.

Mkazi wa Mombasa atakumbana na kutu mapema kuliko wa Nakuru kwa sababu ya hewa ya chumvi na unyevu. Kwa upande mwingine, ukavu wa kaskazini hukausha mbao hadi zikapasuka. Kulihifadhi gitaa ndani ya sanduku lake ni afadhali kuliko kulitundika ukutani mkabala na dirisha, hata kama ukutani ndiko linakopendeza.

Kuna onyo moja ambalo nadhani wauzaji wengi hawalitoi. Magitaa yaliyotengenezewa nyuzi za nailoni hayafai kutiwa nyuzi za chuma. Nailoni huvuta kwa takriban nusu tu ya nguvu ya chuma, na gitaa lake hujengwa kwa wepesi unaolingana na hilo. Nimeona zaidi ya moja lililong'olewa daraja kwa njia hiyo. Ikiwa vidole vyako ni laini na hujali sana sauti ya chuma, gitaa la nailoni lenyewe ni makao mazuri ya kurejelea, ingawa shingo yake ni pana zaidi na mkono mdogo huhangaika.

Kinachopotea

Baada ya fundi kumaliza kazi yake, kilichobaki kilikuwa changu.

Cha kwanza kupotea ni sugu. Ngozi inayosuguliwa mara kwa mara hujilinda kwa kuzidisha tabaka lake la nje. Ndiyo maana mpiga gitaa huwa na sugu kwenye ncha za vidole vya mkono wa kushoto, kama alizo nazo mkulima kiganjani. Lakini ngozi ya juu hujibadilisha yote kwa muda unaokaribia mwezi mmoja. Ukiacha kuisugua, sugu hukatika taratibu, na miezi michache baadaye hakuna alama iliyosalia. Ngozi haina kumbukumbu ya miaka 30 wala ya miaka mitatu.

Habari njema ni kwamba hurudi kwa kasi ileile iliyoondokea. Katika majuma mawili hadi manne ya kupiga kila siku, maumivu ya ncha za vidole hupungua sana. Kinachotakiwa ni kuacha kabla ngozi haijachanika au kufanya malengelenge, kwa kuwa lengelenge likipasuka hurudisha kazi nyuma kwa siku kadhaa. Aidha, usipige mara tu baada ya kuosha vyombo au kuoga. Ngozi iliyolowa maji hukatwa na uzi upesi.

Cha pili ni nguvu na ustahimilivu wa misuli midogo ya mkono. Hapa ndipo wengi huvunjikia moyo wanapofikia ile mikusanyiko ya sauti inayodai kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita kwa mara moja. Wapigaji huita mikusanyiko hiyo kodi, jina ambalo Mkenya yeyote akilisikia hushika mfuko wake kwanza. Kodi ya F ndiyo iliyowafukuza wengi tulipokuwa shuleni, na ndiyo inayowafukuza tena ukubwani. Ushauri wangu ni kuiepuka kabisa katika mwezi wa kwanza. Tafuta nyimbo zisizoihitaji, au funga kapo. Asiye na kapo ya dukani afanye tulivyofanya zamani: penseli na mpira wa kufungia, vikazwe juu ya freti.

Cha tatu ni kasi na usahihi wa wakati. Mkono uliokaa bila kazi hujua uende wapi, ila hufika umechelewa. Tofauti ni ndogo mno, sehemu tu ya sekunde, lakini muziki hauna nafasi kubwa kuliko hiyo.

Kinachosalia

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, akaziacha hadi akadhani amezisahau, kisha akazikariri upya. Aligundua kuwa mara ya pili ilimchukua muda mfupi kuliko ya kwanza, hata pale alipohisi hakumbuki chochote. Kumbe kitu kilikuwa kimesalia ambacho yeye mwenyewe hakuweza kukiona.

Kuhusu ujuzi wa mikono ushahidi ni wa kushangaza zaidi. Mwaka 1953, Mmarekani aitwaye Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutuliza kifafa. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mtu aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi, alimsalimu kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal alimpa kazi ya kufuatisha mistari ya nyota kwa penseli huku akiutazama mkono wake kupitia kioo pekee. Kazi hiyo humsumbua kila mtu mwanzoni, kwa sababu kioo hugeuza mielekeo. Molaison aliifanya kwa siku tatu, na siku baada ya siku mkono wake ukawa hodari zaidi. Kila siku, hata hivyo, alisema hajawahi kuiona kazi hiyo maishani mwake.

Wataalamu walijifunza hapo kwamba ubongo huweka kumbukumbu ya matukio mahali pamoja na kumbukumbu ya vitendo mahali pengine. Mtu anaweza kusahau aliyemfunza, nyumba alimofunzwa na hata jina la wimbo, ilhali mkono wake bado unao mwendo.

Jambo hili nililithibitisha mwenyewe mwezi wa pili wa mazoezi. Kila nilipojiuliza kidole kinachofuata ni kipi, nilipotea, kama nilivyopotea matangani. Usiku mmoja umeme ulikatika. Niliendelea gizani nikiwa nawaza habari za kazini, na ghafla nikasikia sehemu nzima ya kati ya wimbo ikipita, sehemu ambayo siku hiyohiyo ningeapa kwamba siijui. Niliposhtuka na kuanza kuitazama, ikatoweka.

Hivyo basi, anayerejea asikariri upya kwa macho kile ambacho mkono tayari unacho. Apige polepole, atazame kando, auache mkono utafute njia. Mahali unapokwama baada ya majaribio kadhaa ndipo penye pengo la kweli, na hapo pekee ndipo pa kujifunza upya. Mimi nimezoea kusahihisha kurasa za magazeti, na naweza kusema ni kazi inayofanana: ukisoma kila herufi huoni sentensi.

Jingine lililosalia, na tena likaongezeka, ni sikio. Katika miaka 30 nisiyopiga sikuacha kusikiliza. Mtu wa miaka 50 na kitu amesikia muziki mwingi kuliko kijana wa 15, na hutambua mara moja sauti iliyokosewa au mdundo unaoyumba. Kijana hufurahia kelele yake kwa sababu haisikii vizuri. Mtu mzima huisikia yote. Ndiyo sababu anayerejea hujiona amekuwa mbovu kuliko alivyokuwa, wakati ambapo pengine zamani alikuwa mbovu vilevile na hakujua. Nina kanda moja ya mwaka 1991 iliyonirekodi bwenini chuoni. Niliitafuta nikitarajia kujihuzunisha kwa ubora wangu wa zamani. Gitaa halikuwa limekazwa sawa hata kidogo.

Mazoezi ya mtu mwenye kazi

Ratiba ya mtu mzima si ya mwanafunzi wa likizo. Zamu yangu huisha usiku, na jirani ana mtoto mchanga. Nimejifunza kuingiza kitambaa kilichokunjwa chini ya nyuzi karibu na daraja, ambacho huifisha sauti hadi ikasikika na mpigaji tu.

Dakika 15 kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumapili. Sababu yake si nidhamu tu. Ujuzi wa mikono huendelea kujipanga ubongoni baada ya mazoezi, hasa wakati wa usingizi, na ukiyatawanya mazoezi unaupa nafasi nyingi za kujipanga. Saa mbili mfululizo huuchosha mkono, na mkono uliochoka hujifunza makosa ya uchovu.

Juma la kwanza nilipiga kwa kidole gumba pekee, besi tupu, bila mahadhi yoyote. Lilikuwa juma la kuchosha kupita kiasi na sijutii hata siku moja yake, kwa kuwa katika mtindo huu gumba likiyumba hakuna kingine kinachosimama. Nilitumia programu ya simu inayogonga mapigo, nikianza na mapigo 60 kwa dakika, na sikuongeza hata manne hadi nipite wimbo mzima mara tatu bila kukwama. Wimbo ambao mjomba aliupiga kwa kasi ya kuchezewa ngoma mimi niliupiga kwa mwendo wa maandamano ya mazishi kwa miezi minne.

Programu za simu zinasaidia pia kulinganisha sauti za nyuzi. Hata hivyo, ninamsihi msomaji asiache kujifunza kufanya hivyo kwa sikio. Uzi wa tano, ambao huitwa A, hutetema mara 110 kwa sekunde. Ukishaupata huo, mingine yote hupatikana kutokana nao. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya tano upate sauti ya uzi unaofuata, na uendelee hivyo hivyo, isipokuwa uzi wa tatu, ambao hubonyezwa freti ya nne ili kuupata wa pili. Dakika mbili hizo ni mazoezi ya sikio yasiyolipishwa.

Kuhusu maumivu, ni lazima kutofautisha. Ncha za vidole kuuma ni kawaida. Misuli ya kiganja kuchoka ni kawaida. Lakini ganzi, vidole kuwashwa kama vinavyochomwa sindano, au maumivu ya kifundo cha mkono yanayoendelea hadi asubuhi ni dalili kwamba mishipa ya fahamu au kano zinabanwa. Hapo acha, pumzika, na hali ikiendelea mwone daktari. Mara nyingi chanzo ni kukunja kifundo kupita kiasi, au kubonyeza kwa nguvu mahali pasipohitaji. Kidole kikiwa karibu kabisa na chuma cha freti, upande wa nyuma yake, nguvu kidogo inatosha.

Aliye na ugonjwa wa viungo asidhani amefungiwa mlango. Zipo nyuzi nyembamba, yapo magitaa ya umeme ambayo nyuzi zake ni laini kubonyeza, na ipo mitindo isiyohitaji kunyoosha vidole mbali. Mjomba alipoacha, alikuwa tayari na miaka 74, na alikuwa akipiga nyuzi nzito za chuma kwenye gitaa lenye shingo iliyopinda. Huwa najiuliza angeongeza miaka mingapi kama mmoja wetu angelipeleka lile gitaa kwa fundi.

Nilirudi Khayega Agosti 2024, mwaka mmoja na miezi minane baada ya mazishi. Safari hii nilibeba gitaa langu. Mjomba alikuwa ameketi nje, na mjukuu wake wa miaka 11 akatumwa kuleta chupa. Haikuwa ile ya mikunjo, hizo hazipatikani kirahisi siku hizi. Ilikuwa chupa laini ya kawaida, na badala ya kuikwaruza mzee aliigonga kwa msumari alioushika baina ya viganja viwili, kwa kuwa vidole havifungi.

Nilianza. Nilipita mapigo manane, nikapita kumi na sita, nikaingia sehemu ya kati, ile iliyonirudia gizani. Nilikuwa nimeanza kufurahi aliposimamisha chupa.

Alikuwa amesikia kitu. Mwishoni mwa sehemu hiyo mkono wa kushoto huhama, na gumba la kulia hutakiwa kuruka kutoka uzi wa tano hadi wa sita kabla ya mkono kufika. Mimi huruka baada ya kufika. Nilifanya hivyo mwaka 1985, akanipiga kibao. Katika mazoezi yangu yote ya Nairobi sikuliona kosa hilo, kwani kwangu ndivyo wimbo ulivyokuwa. Mkono ulikuwa umelihifadhi kwa uaminifu uleule uliohifadhi yote mengine.

"Palepale," mjomba akasema. "Miaka yote hii, na ni palepale."

Alimwita mjukuu asogee karibu aone. Kisha akaugonga msumari mara nne, taratibu kuliko mwanzo, akanionyesha kwa kidevu nianze tena.